Mjomba Sindano Ajibu: Taya la Chico, Wakala wa Elfu Kumi na Tano na Koti la Kongowea

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka kwa vijana wa kiume, jambo ambalo si la kawaida kwenye ukurasa huu. Kwa aliye mgeni: mimi ni fundi cherehani wa Mji wa Kale, Mombasa, na kwa miaka mingi wapiga picha wa magazeti na wenye mahoteli ya pwani wamekuwa wakiniita kuwavalisha wanamitindo. Si daktari wala si shekhe. La nguo nitalijibu, la mfupa nitakupeleka kwa mwenyewe.

*

Shikamoo Mjomba Sindano. Nina miaka 17, nasoma, naishi Kisauni. Mimi na wenzangu twampenda sana mwanamitindo wa Brazil, Francisco Lachowski, yule vijana wanamwita Chico. Picha yake iko kwenye simu zetu sote. Tumekuwa tukigandamiza ulimi kwenye kaakaa kutwa nzima ili taya litokeze kama lake, na mimi nimenunua kile kipira cha kutafuna. Sasa taya laniuma hata nikila mkate wa mofa. Mwenzetu mmoja ameona video inayosema ujigonge mfupa wa shavu kwa nyundo, kidogo kidogo. Je, taya kama lile lapatikana? Na Chico mwenyewe alianzaje? — K., Kisauni

Marahaba, mwanangu. Nyundo kwanza. Mwambie huyo mwenzenu airudishe ilikotoka leo hii. Mfupa wa uso ukigongwa haujengeki, unapata ufa, na pale shavuni pana mishipa ya fahamu ambayo ikiumia mdomo hufa ganzi, uji ukakumwagikia kifuani usijue. Hilo sina mjadala nalo.

Kipira nacho kiweke kando. Ukitafuna kitu kigumu kila siku kinachonenepa ni msuli, mfupa uko pale pale, na anayeteseka ni kile kiungo kilicho mbele ya sikio, ndicho hicho kinachokuuma. Pumzisha, kula vyakula laini, na maumivu yakiendelea au mdomo ukianza kukwama wakati wa kupiga miayo, nenda ukaonwe na daktari wa meno. Hayo ya ulimi kwenye kaakaa yalitoka kwa daktari mmoja wa meno wa Uingereza, John Mew, na mchezo wenyewe umechukua jina lake. Chama cha Marekani cha madaktari wa kunyoosha meno kimeshasema hakuna ushahidi wa maana kwamba ulimi waweza kuchonga taya. Wanaokuonyesha picha ya kabla na baada wamegeuza shingo na wamewasha taa, basi.

Tuje kwa Chico. Alizaliwa mwaka 1991 Curitiba, kusini mwa Brazil. Mwaka 2008 akashinda shindano la wakala wa Ford Models huko huko kwao, na kuanzia hapo akaingia New York, akapita jukwaani kwa nyumba za mitindo kama Dior Homme, Gucci, Versace na Dsquared2, na picha zake zikajaa kurasa za mitindo. Sasa piga hesabu. Picha mnazotumiana nyingi ni za kijana wa miaka 18, 19, 20. Leo ni mtu mzima wa thelathini na kitu, baba wa watoto. Hata yeye akisimama kando ya ile picha mnayoipenda, picha itamshinda.

Na picha yenyewe nikueleze inavyopikwa, maana nimesimama jikoni mwake. Wakati fulani kundi la gazeti la mitindo lilikuja kupiga picha Ndia Kuu, likanichukua niwe fundi wa siku. Ilikuwa kusi limekaza. Wamekuja na makoti mazito ya sufu, kwa sababu magazeti ya Ulaya hupiga picha za nguo za baridi miezi mingi kabla ya baridi kufika, na hutafuta mahali penye jua. Kijana wao mrefu, mzuri, mpole, jasho lamtiririka kama bomba. Chini ya kola nilimtia karatasi za shashi ili shati lisilowe, nikawa nazibadilisha kila wakipumzika.

Koti lilikuwa kubwa kwake. Mbele ukimtazama ungeapa kwamba lilishonwa juu ya mwili wake. Ungezunguka nyuma ungekuta vibanio vimepangana kuanzia shingoni hadi kiunoni, na mshipi wa suruali umefungwa kwa pini. Upepo ukawa wapeperusha pindo la koti, mpiga picha akakasirika, nikafumua pindo nikatia sarafu za shilingi ishirini ndani yake nikashona tena, likatulia. Nyayo za viatu zilibandikwa tepu zisikwaruzike, kwa sababu viatu vilikuwa vya kuazima na jioni vilitakiwa kurudishwa kwenye sanduku. Hakuna alichokuwa nacho mwilini kilichokuwa chake ila chupi.

Kisha mwanga. Dada mmoja alishika kitambaa cheupe upande wa kulia, mwingine akashika ubao mweusi upande wa kushoto. Nikamwuliza huyu wa ubao, wa nini huo? Akaniambia unakula mwanga. Nikacheka, lakini nikatazama. Alipousogeza karibu, shavu la yule kijana likaingia ndani na taya likachora mstari. Alipouondoa, shavu likarudi kuwa shavu la mtu aliyekula biriani. Mfupa ni ule ule, uso ni ule ule, ubao tu umesogezwa hatua mbili.

Wakapiga picha kutwa. Zilizotoka gazetini ni kurasa chache, na kabla hazijatoka zilipita kwenye kompyuta. Kwa hiyo K., unapolinganisha uso wako wa kwenye kioo cha bafuni na ile picha, unajilinganisha na mpiga picha, mvalishaji, msusi, wapaka poda, wabeba ubao, na fundi mmoja mzee mwenye sarafu mfukoni. Wewe uko peke yako, mwanangu, na taa ya bafu.

Tena simu yako inakusengenya. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walipiga hesabu wakaona kwamba ukijipiga picha kutoka inchi 12, pua ya mwanamume huonekana pana kwa takriban asilimia 30 kuliko ilivyo. Ukisogea hadi futi 5 tofauti hiyo hutoweka. Mpe mwenzako simu, arudi nyuma, akupige kutoka mbali umesimama karibu na dirisha. Utakutana na mtu usiyemjua, na utampenda.

Kama mwataka kumwiga Chico, kuna la kuigika. Angalia anavyosimama: mabega yamelala, shingo haikukazwa, mikono haina kazi na wala haihangaiki. Hilo ni zoezi, na halina gharama. Na angalia kwamba suruali yake haiburuzi chini. Nyinyi vijana wa Kisauni suruali zenu zafagia barabara.

*

Mjomba, mimi ni mama wa kijana wa miaka 16, Bamburi. Mwanangu amebandika ukutani picha za wanamitindo wembamba na ameacha kula chakula cha usiku. Ati nguo nzuri hazimkai mnene. Naye si mnene! Nimfanyeje? — Mama wa watatu, Bamburi

Dada yangu, mwembamba huyo wa ukutani aliletwa na mkasi. Miaka ya 1990 aliyekuwa akitamba ni mwanamitindo Tyson Beckford kwenye matangazo ya Ralph Lauren, kifua kama mlango, na vijana wote wakakimbilia kubeba vyuma. Mwaka 2000 mbunifu Hedi Slimane akashika Dior Homme, upande wa nguo za kiume wa Dior, akakata makoti membamba na suruali nyembamba, na mawakala wakaanza kutafuta vijana waliokonda kutosha kuingia humo. Nguo ilibadilika kwanza, miili ikatafutwa baadaye. Kesho fundi mwingine mkubwa atakata nguo pana na vifua vitarudi.

Wenyewe huko Ulaya waliona wamezidisha. Mwaka 2017 makampuni mawili makubwa ya Ufaransa, LVMH yenye Dior na Kering yenye Gucci, yalitia saini mkataba wa kutomtaka mwanamume wa saizi chini ya 44 ya Kifaransa, na kudai cheti cha daktari kwa kila mwanamitindo. Mwonyeshe mwanao hilo, huenda likamwingia kuliko maneno yangu na yako.

Nyumbani, usimtanie mwili mbele ya ndugu zake, hata kwa mzaha. Mwite mle pamoja, sinia moja, bila hotuba. Lakini ukimkuta anaficha chakula, anajitapisha, au nguo zake za shule zimeanza kumpwaya kwa haraka, usingoje ushauri wa gazeti. Mpeleke hospitali, kwa sababu hayo ni maradhi na yana matibabu. Nguo mlete kwangu. Kijana wa miaka 16 nguo haimkai kwa sababu anarefuka kila mwezi, si kwa sababu ya wali.

*

Hujambo Mjomba. Nina miaka 23, urefu wangu sentimita 188, watu wote wananiambia nifanye kazi ya uanamitindo. Kuna wakala amenipata mtandaoni, anataka shilingi 15,000 za usajili na albamu ya picha, halafu ataniunganisha na Milan. Ameniambia nafasi inafungwa Ijumaa. Nitume? — Mrefu wa Likoni

Usitume.

Ningeweza kuishia hapo, lakini una urefu wa kazi kweli, kwa hiyo nikupe njia. Wakala wa haki hula unapokula wewe. Hukata sehemu ya malipo yako, mara nyingi kama asilimia 20, baada ya kazi kupatikana. Anayetaka pesa kabla hujafanya lolote, biashara yake ni hiyo ada. Na hiyo Ijumaa ni ya kukuharakisha usiwahi kumwuliza mtu. Jukwaa la Milan halifungwi Ijumaa ya Likoni.

Picha za kuanzia hazihitaji albamu. Wanachotaka kuona ni wewe ulivyo: fulana nyeupe, jinzi, ukuta mtupu, mwanga wa dirisha, bila poda wala kusafishwa kwa kompyuta. Uso wa mbele, uso wa pembeni, mwili mzima mbele na pembeni. Rafiki mwenye simu aweza kuzipiga. Andika urefu, kifua, kiuno, na saizi ya kiatu. Wanaume wa jukwaani hutakiwa kati ya sentimita 185 na 190 hivi, kifua inchi 38, kiuno 30 hadi 32. Futi ya kupimia ukikosa, pita dukani kwangu, nitakupima bure. Kisha watumie mawakala wenyewe moja kwa moja, kwa anwani iliyo kwenye ukurasa wao, siyo ile uliyotumiwa kwenye ujumbe.

Sasa uijue na kazi yenyewe. Kurasa za mitindo gazetini, zile zinazowafanya wafuasi wapige kelele, ndizo zenye malipo madogo. Pengine hulipwi kitu. Unazifanya ili jina lionekane, ukitumaini kwamba kampuni ya manukato au ya nguo itakuona ikuite kwa tangazo. Tangazo ndilo lenye pesa. Kuna watu wana kurasa kumi nzuri gazetini na hawana kodi ya nyumba. Na hii ni kazi mojawapo chache duniani ambapo mwanamke hulipwa zaidi ya mwanamume, kwa hiyo usijipime na wale mabinti unaowaona.

Jambo jingine linalowashangaza vijana: ukipelekwa ng'ambo, tiketi, chumba na picha mara nyingi wakala huzilipa kwanza, halafu huzikata katika mapato yako. Waweza kufanya kazi msimu mzima ukarudi na deni. Soma mkataba, na kama Kiingereza chake ni cha kukuchanganya, mpelekee wakili au mwalimu akusomee kabla ya kutia saini.

Na mwisho katika hili, mtu akikuambia uvue nguo "aone mwili" mkiwa wawili chumbani, toka. Si wasichana peke yao wanaofanyiwa hayo. Mwaka 2018 gazeti la The New York Times lilichapisha madai ya wanamitindo wengi wa kiume dhidi ya wapiga picha wakubwa kabisa. Waliotajwa walikanusha, lakini kampuni kubwa la magazeti lilisimamisha kazi nao. Vijana hao walisema waliogopa kukataa kwa sababu kazi ingekosekana. Wewe ukienda, nenda na mtu. Hakuna kazi ya haki itakayokasirika kwa sababu umefuatana na kaka yako.

Afrika wapo waliofika, usikate tamaa. Ajuma Nasenyana wetu alitoka Turkana akapita majukwaa ya Ulaya na Marekani. Kwa wanaume, Armando Cabral mzaliwa wa Guinea-Bissau amekuwa uso wa kampuni kubwa, kisha akaanzisha viatu vyake mwenyewe. Na mwaka 2018, New York, Alton Mason wa Marekani akawa mwanamume mweusi wa kwanza kupita kwenye onyesho la Chanel. Fikiria hiyo: nyumba ya mitindo iliyoanzishwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na wa kwanza ni juzi. Nitajie jukwaa unalolitaka, lakini jua kwamba mlango ni mwembamba na uendelee na kazi yako ya sasa.

*

Mjomba, mbona wanamitindo wa kiume kwenye magazeti hawacheki? Wote wamenuna kana kwamba wamedhulumiwa urithi. — Binti wa Tononoka

Ahaa! Kwa sababu ukiona meno hutaona koti. Kicheko huvuta jicho usoni na kulibakisha huko, na aliyelipa ukurasa anauza kitambaa. Wale wa katalogi za maduka, wanaouza sweta na vyombo vya jikoni, hucheka hadi gego. Tena yule wa Ndia Kuu niliyemsimulia hapo juu, kamera ikizimwa tu alikuwa mcheshi kuliko sisi sote, amekaa kwenye baraza anakula viazi vya karai mkono mmoja, mkono wa pili ameuinua juu asichafue koti la watu.

*

Bwana Sindano, asalaam aleikum. Nasoma ukurasa wako lakini safari hii nina lawama. Kila nifunguapo gazeti ni vijana wa kiume wanaojipamba mbele ya kamera, na watoto wetu wanawafuata. Enzi zetu mwanamume wa Mombasa alijulikana kwa heshima na kazi yake. Mambo haya si yetu. — Mzee wa Kuze

Waaleikum salaam, mzee wangu. Lawama ya mkubwa naipokea kwa mikono miwili. Lakini niruhusu nikukumbushe kidogo, maana nadhani tumekulia mitaa inayosikia adhana moja.

Mwanamume wa Mombasa alijulikana kwa kazi yake, kweli, na alijulikana pia kwa kofia yake. Kofia ya vito iliyotobolewa na kushonwa kwa mkono miezi kadhaa, nyeupe juu ya nyeupe, hakuna aliyeivaa ili isionekane. Bwana harusi amevikwa joho lenye uzi wa dhahabu, jambia kiunoni, fimbo mkononi. Hiyo ni nini kama si kupambwa? Neno mtanashati babu zetu walilitumia kwa sifa. Mimi nimerithi kanzu za kupunguza za watu waliokataa kuzichukua kwa sababu tarizi ya kifuani imeenda upande kwa unene wa uzi mmoja.

Kamera nayo ni ya zamani hapa. Kwenye studio ya Parekh, miaka ya 1950 na 1960, barobaro wa mji huu walikwenda na suti na nywele zinang'aa mafuta, wakageuza kidevu kule walikoambiwa na mpiga picha. Wengine wetu tuna picha hizo kabatini na hatuwaonyeshi wajukuu. Kisha ikaja zamu ya majumba ya sinema ya Regal na Naaz na filamu za Kihindi, na ilipofika miaka ya 1970 kinyozi alikuwa hana haja ya kuuliza. Kila kijana alitaka nywele za Amitabh Bachchan, zimefunika masikio, na suruali ya bugaluu juu. Baba zetu walisema hayo hayo unayoyasema wewe. Na miaka ya 1990, karibu na kivuko cha Likoni, si palikuwa na wapiga picha wenye mapazia yaliyochorwa ndege na meli? Mtu aliyetoka bara kutafuta kazi bandarini alisimama mbele ya ndege ya rangi, akapigwa, akatuma nyumbani.

Pale utakaponishinda ni hapa, na nakupa haki yako yote. Sisi Bachchan tulikwenda kumwona Ijumaa, tukalipa, tukatoka, tukamwacha mle ndani na wauza karanga wake. Kijana wa leo analala na picha ya yule mwanamitindo chini ya mto, na ikifika asubuhi simu imeshamletea nyingine kumi za taya lile lile. Sisi tulikopi nywele; nywele hukua, na ukichoka unanyoa. Hawa wanataka kukopi mifupa. Soma barua ya kwanza hapo juu uone kijana wa watu anaumwa na mofa. Kwa hilo mimi na wewe tuko upande mmoja, ila dawa sidhani ni kuwaambia si yetu. Mfunulie mjukuu wako hiyo albamu. Akikuona ulivyojipinda mbele ya pazia la studio, na miwani ya jua ndani ya nyumba, mtakuwa na la kuzungumza hadi magharibi.

*

Mjomba niaje. Nimeona Chico amevaa koti jeusi refu na suruali nyembamba, nataka nivae hivyo harusi ya dada yangu mwezi wa Disemba. Duka la mjini wananiambia elfu ishirini. Nitapata sokoni Kongowea? Na wewe utanipunguzia kwa bei gani? — Ali, Majengo

Utapata, ukienda mapema siku wanapofungua belo jipya, na ukienda na macho siyo na jina la kampuni.

Koti la mtumba mimi hulitazama mabega kwanza na mengine baadaye. Livae, simama wima, mwambie mwenzako apapase mshono wa bega: uishie pale mfupa wako unapoishia. Ukivuka kwa upana wa kidole, naweza kuvumilia. Ukivuka kwa vidole vitatu, liache, hata kama ni la Armani, hata kama ni mia tatu. Kurudisha bega ni kufumua mkono mzima, kutoa pedi, kukata upya na kurudisha bitana, na mwisho wake utanilipa zaidi ya ulivyolinunua na bado utaonekana umeazima. Kiuno ni rahisi, hupunguzwa kwenye mshono wa mgongo. Mkono mrefu hukatwa kutoka chini, ila chunguza vifungo vya mkononi: kama matundu yake yametobolewa kweli, siwezi kuvisogeza.

Pili, geuza bitana unuse kwapani. Harufu iliyoingia kwenye bitana haitoki kwa sabuni wala kwa udi. Tatu, kitambaa. Disemba ni kaskazi, na harusi ya Majengo ni watu wengi ndani ya hema. Chico alivaa sufu nzito akapigwa picha robo saa. Wewe utakuwa umebeba masinia kuanzia saa kumi. Tafuta kitani au sufu nyembamba, tena lenye bitana nusu ukibahatika, na urefu liishie juu ya goti, kwa sababu wewe, ukiniwia radhi, si mrefu kama yeye na koti la kufika muundini litakumeza.

Bei sitaji gazetini, wateja wangu wengine husoma. Njoo na koti, shati utakalolivalia ndani, na viatu vyenyewe vya siku hiyo. Usije na champali halafu uniambie nikupimie suruali.